Shamba lililomezwa na mathenge

Mama mkwe alinikabidhi ufunguo akiwa ameufunga kwenye ncha ya leso yake, pamoja na noti mbili za shilingi mia na vidonge vya presha. Alilifungua fundo taratibu, akauweka ufunguo kiganjani mwangu, akasema: "Nenda ukalione shamba la baba yenu. Miguu yangu haifiki tena." Nilikuwa nimeolewa katika nyumba ile miaka kumi na mitatu, na shamba hilo nilikuwa nikilisikia tu likitajwa, kama anavyotajwa jamaa aliyehamia mbali.

Jumamosi iliyofuata, ya kwanza katika likizo ya Agosti 2024, nilipanda boda boda na kijana wangu wa kwanza hadi upande wa Burat, magharibi mwa mji wa Isiolo. Tulishuka pale tulipoelekezwa, tukatafuta lango. Hatukuliona. Mbele yetu palikuwa na ukuta wa kijani wenye miiba mirefu kama kidole, maganda ya manjano yametapakaa chini, na ndani kabisa njiwa analia. Tuliuzunguka mara mbili. Mara ya pili kijana aliinama, akaona nguzo ya chuma imesimama katikati ya mashina matatu, na mnyororo umezama ndani ya gome kama pete kwenye kidole kilichovimba. Kufuli lilikuwa bado linaning'inia. Ufunguo uliingia, lakini haukuzunguka. Wiki mbili baadaye fundi wa kuchomelea vyuma alikuja na msumeno akaukata ule mnyororo.

Mkazi wa Isiolo, wa Baringo au wa Tana River hahitaji kuelezwa ule ukuta ulikuwa nini. Ni mathenge. Wataalamu wanauita Prosopis juliflora. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, na ulipandwa katika sehemu kavu za Kenya miaka ya 1970 na ya 1980 kwa nia njema: uzuie jangwa, utoe kuni, utoe kivuli. Mti ukatimiza hayo yote, kisha ukapita mipaka. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali mjini Nairobi, wakaja mahakamani na mbuzi asiye na meno ili jaji ajionee mwenyewe mambo yanayofanywa na yale maganda matamu. Sukari yake huozesha meno ya mbuzi, na mbegu zake hupita tumboni zikiwa nzima, zikaangushwa kila mahali mbuzi anapokwenda. Katika mji unaoishi kwa mbuzi, unaweza kupiga hesabu mwenyewe.

Ninafundisha gredi ya sita. Nina watoto watatu, wa mwisho hajaanza shule. Mume wangu ni dereva wa lori katika barabara ya Moyale, kilomita 500 kwenda na 500 kurudi, na nyumbani anaonekana siku mbili au tatu kwa wiki, nyingine asionekane kabisa. Ninaandika haya kwa ajili ya watu walio katika hali kama yangu, wanaopita kila siku kando ya kipande cha familia kilichoota msitu wakasema moyoni, nitakianza nikipata nafasi. Nafasi hiyo mimi sikuipata. Nilianza bila hiyo.

Kilichonisukuma hasa ni habari aliyonipa mama mkwe baada ya ufunguo. Jirani alikuwa amewaona watu wawili wasiojulikana wakipima mpaka wa shamba kwa kamba. Hapa kwetu hilo si jambo dogo. Tangu mpango wa LAPSSET, wa bandari, reli na barabara, uzinduliwe Lamu mwezi wa Machi 2012, Isiolo ikiwa njia panda yake, na uwanja wa ndege ukapanuliwa, na lami ikafika Moyale, bei ya ardhi imewafanya watu wayakumbuke maeneo ambayo zamani hakuna aliyeyataka. Sehemu kubwa ya kaunti bado ni ardhi ya jamii. Mwenye kipande kisicho na cheti ushahidi wake ni majirani, miti aliyoipanda, na jembe linaloonekana likifanya kazi. Shamba lililoota mathenge linasema halina mwenyewe, hata kama mwenyewe anaishi kilomita nne kutoka hapo na ufunguo uko kwenye leso yake.

Jirani huyo ni mzee ambaye mtaa mzima unamwita Haji. Siku ya kwanza alinikuta nimesimama na panga jipya mkononi, nikiutazama ule ukuta bila kujua pa kuanzia. Alinisalimu, akaniuliza hali ya mama, halafu akasema neno ambalo nimekaa nalo tangu siku hiyo: "Mwalimu, usije ukadhani baba yenu alikuwa mvivu."

Kweli nilikuwa nimedhani. Sikulitamka, lakini ukiona shamba limefungwa na miiba unamtafuta wa kulaumiwa, na marehemu hawezi kujitetea. Haji alinisimulia, na baadaye mama mkwe akayajaza mapengo.

Familia ya baba mkwe ilitoka Garba Tulla. Wakati wa vita vya shifta, 1963 hadi 1967, Waborana wengi wa Isiolo walikusanywa kambini, na mifugo iliyobaki bila malisho ikafa au ikauawa. Watu waliokuwa na ngamia na ng'ombe walitoka vitani wakiwa na fimbo tu. Katika miaka ya 1970 miradi ya umwagiliaji ikaanzishwa kwa ajili ya watu hao kandokando ya Ewaso Ng'iro na vijito vya kusini: Merti, Garba Tulla, Malka Daka. Kila familia ilipewa kipande, mbegu na jembe. Baba mkwe alijifunza kushika jembe akiwa kijana, kwa aibu kubwa, kwa sababu kwao kulima ilikuwa kazi ya mtu aliyeishiwa.

Kisha mvua zikarudi. Wengi wakauza mahindi na vitunguu, wakanunua mbuzi, mbuzi wakazaa, wakabadilishwa na mtamba, na yule mkulima wa juzi akaufuata mkia wa ng'ombe wake. Vipande vikaota majani. Waliosimamia miradi ile waliandika kwamba wafugaji hawataki kulima. Mimi ninaona walisoma vibaya kilichokuwa mbele ya macho yao. Shamba lilikuwa limefanya kazi yake barabara: lilimlisha mtu mpaka akasimama tena. Ukame wa 1984 ulipowapokonya mifugo mara ya pili, watu wale wale walirudi kwenye mifereji, wakafyeka, wakaanza upya.

Baba mkwe naye alikwenda hivyo hivyo, akaja mjini, akapata kipande hiki karibu na mto Isiolo, nusu ekari. Akakilima, akakiacha, akakirudia. Mara ya mwisho aliachishwa na ugonjwa. Baada yake wanawe walikuwa barabarani na kazini. Januari 2020 nzige wakatua. Kuanzia mwisho wa mwaka huo misimu mitano ya mvua ikafuatana bila mvua ya maana, mfereji ukakauka hadi watoto wakaufanya njia ya kwenda shule. Kila kitu kilikufa isipokuwa mathenge, ambao mizizi yake hutafuta maji mbali chini ambako mwembe hauwezi kufika. Mwisho wa 2023 na Aprili 2024 mvua ikanyesha kwa wingi wa kutisha, na mti uliovumilia kiu miaka mitatu ukanywa peke yake. Ule ukuta niliosimama mbele yake Agosti ulikuwa umejengwa na mambo hayo yote. Nilipoyajua, hasira ilinitoka, na kazi ikawa nyepesi kidogo.

Mume wangu alitaka kukodi tingatinga. Alipiga simu kutoka Marsabit, amekwisha kuzungumza na mtu, siku moja tu na shamba lote litakuwa jeupe. Nilimwelewa. Mtu asiye na muda hutamani kazi imalizike siku moja. Lakini Haji alikuwa ameshuhudia mashamba mawili yakisafishwa kwa mashine, na alinipeleka nikayaone. Mathenge uliokatwa juu ya ardhi haufi. Kwenye shingo ya mti, pale shina linapokutana na mizizi, kuna macho yaliyolala. Ukikata juu yake, yote yanaamka, na mahali palipokuwa na shina moja panatoka fimbo kumi zenye miiba laini inayochoma kuliko ile ya zamani. Tingatinga huvunja mashina juujuu na kusambaza mbegu, halafu linaondoka. Mwenye shamba akikosa watu wa kuling'oa kila chipukizi wiki hadi wiki, baada ya miezi michache ana msitu mzito zaidi na deni la mashine. Yale mashamba mawili hayakuwa na nafasi ya kupitisha mbuzi.

Basi swali likageuka. Sikujiuliza tena shamba hili litasafishwaje. Nilijiuliza wiki yangu ina saa ngapi za shamba, ambazo sitazikopa kwa mtoto anayeumwa wala kwa madaftari ya wanafunzi. Nilichukua kalamu nikaandika. Jumamosi, kuanzia swala ya alfajiri hadi saa nne, kabla jua halijakuwa la kuua. Jumapili jioni, kwa saa moja na nusu. Usiku wa zamu ya maji. Ukijumlisha zilifika saa tisa, na wiki nyingine zisingefika tano.

Katika kusoma nilikutana na jambo lililonisaidia kukata shauri. Huko Uingereza halmashauri hukodisha watu wa mjini vipande vya kulima mboga, desturi iliyotiwa nguvu na sheria ya mwaka 1908, na kipimo cha kawaida cha kipande ni kama mita 250 za mraba. Watu hao wana kazi na watoto kama sisi, na wengi wanakilalamikia kuwa kikubwa. Nusu ekari yetu ni mita 2,000 na kitu. Nilikuwa nimepanga kupigana na vipande vinane kwa pamoja, katika jua la Isiolo, nikiwa na kijana wa miaka kumi na miwili.

Tulichukua kamba, tukapima hatua ishirini na tano kwa kumi karibu na mfereji, tukafunga vitambaa vyekundu kwenye pembe nne. Hapo ndipo shamba letu. Sehemu saba zilizobaki tuliziachia mathenge kwa muda, isipokuwa ukanda wa mpakani niliowapa vijana wawili wa kibarua waufyeke, ili wenye kamba za kupimia wajue kuna mtu.

Kung'oa shina la mathenge kunafaa kuelezwa na mtu aliyefanya. Kwanza unavaa gambuti, kwa sababu mwiba wake hupenya kandambili mpaka mfupani na kidonda kinavimba wiki nzima. Unakata matawi kwa panga ukianzia ya chini, unayaburuta kwa uma wa mti wala si kwa mkono. Maganda unayaokota yote kwanza, unayatia guniani. Hilo walilifanya watoto, na mdogo alikuwa hodari kuliko wote kwa kuwa yuko karibu na ardhi. Shina likibaki kama kigingi cha kufikia kiuno, unachimba kulizunguka kwa sururu mpaka uone udongo umebadilika rangi na mizizi ya pembeni imejitokeza. Ushike shina ulitikise. Halisogei. Unaikata mizizi ya pembeni kwa shoka mmoja baada ya mwingine, na ule wa katikati unaukata kiasi cha shibiri moja chini ya usawa wa ardhi, chini ya ile shingo yenye macho. Ukiona mti wa ndani una rangi ya kahawia iliyoiva, mzito, wenye harufu kama ya asali iliyoungua, umefika. Shina moja la ukubwa wa paja lilituchukua saa moja na nusu. Katika mita zetu 250 tulihesabu thelathini na manane.

Sitaki kuutukana mti huu bure. Mashina hayo yalitupa magunia ya makaa mazito yanayokaa na moto, tukauza mengine na kununua mbegu na mipini ya majembe. Matawi yenye miiba, yakishatolewa maganda, yakawa ua unaozuia mbuzi wa jirani vizuri kuliko waya. Na mmoja tumeuacha pembeni makusudi, umepogolewa ukawa na shina moja refu, kwa ajili ya kivuli. Mama mkwe alisisitiza. "Huo usiukate," alisema siku tuliyomleta kwa gari la jamaa. "Nitakaa wapi nikija?"

Katika kupanda nilikosea mara mbili, na makosa yote mawili yalitokana na kujifunza mahali pasipo petu. Mimi nilisomea chuo huko Meru, na macho yangu yalizoea bustani za huko zenye matuta yaliyoinuliwa. Nikainua matuta. Isiolo hupata kama milimita 600 za mvua kwa mwaka, nyingi zikija kwa vishindo vichache, na upepo wake wa mchana hukausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Matuta yangu yalikauka pande zote tatu kama matofali. Haji hakunicheka. Alichukua jembe, akachimba kitalu upana wa mita moja, kimezama kiasi cha kiganja na nusu chini ya njia, ukingo umesimama pande zote kama sahani. Maji yakiingia yanakaa. Unaweka samadi chini, udongo juu, nyasi kavu juu ya udongo, na mchwa wakizila nyasi unaongeza nyingine.

Kosa la pili lilikuwa hiyo samadi. Kwa samadi Isiolo ni tajiri. Malori hupakia ya mbuzi kutoka kwenye maboma na kuipandisha kwenye mashamba ya Meru, na kutoka huko huko Meru, Timau na Kiirua, sukuma wiki na viazi vinateremka kuja kuuzwa kwetu. Rutuba yetu inapanda mlima, tunarudishiwa majani yake kwa bei. Nililiona hilo nikasema samadi hii haiondoki tena bila mimi kupata yangu, nikanunua magunia kumi na mawili bomani, mabichi, nikamwaga vitaluni siku hiyo hiyo. Baada ya kumwagilia mara mbili vitalu vilikuwa kijani. Kijana alikimbia kuniita, "Mama, mbegu zimeota!" Nikainama nikaona vile vijani viwili vidogo vya duara na katikati yake unyoya mwembamba. Ilikuwa miche ya mathenge, mamia, imeota kwa furaha kwenye samadi ya mbuzi waliokula maganda. Tuliing'oa kwa vidole siku tatu. Sasa samadi tunairundika, tunaimwagia maji, tunaifunika nailoni mpaka inatoa mvuke, tunaigeuza, na haigusi kitalu kabla ya miezi mitatu. Hata hivyo kuna miche inayoponyoka, na kila Jumapili mtoto wa pili ana kazi ya kuitafuta.

Maji yetu ni ya zamu. Mto Isiolo hutiririka kutoka miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya kuelekea Ewaso Ng'iro, na walio juu yetu kwenye mlima nao wanalima, kwa hiyo yanayofika kwetu wakati wa kiangazi ni ya kugawana kwa saa. Sheria inatambua vyama vya watumiaji wa maji ya mto, na chini ya chama kila mfereji una kamati yake, daftari lake na ugomvi wake. Jina la baba mkwe lilikuwa bado daftarini. Tulilipa malimbikizo, tukashiriki siku moja ya kuzibua mfereji kama wengine, tukapewa Alhamisi, saa tatu usiku hadi saa sita.

Mwanzoni saa hizo niliziona adhabu. Mtoto mdogo amelala kwa mama mkwe, kesho ni siku ya shule, giza, na hadithi za ndovu wanaoshuka kwenye mashamba ya juu kiangazi kikikaza. Lakini nimekuja kuipenda Alhamisi. Maji ya mfereji hayaji kwa kishindo. Kwanza unasikia majani makavu yakisukumwa, chakachaka ndogo inayosogea gizani. Halafu vyura wananyamaza. Halafu ulimi wa maji unatokea kwenye mwanga wa tochi, mbele umebeba povu, vijiti na wadudu waliokurupushwa, unasimama kidogo kwenye mdomo wa kitalu kama mgeni anayebisha hodi, kisha unaingia. Kijana anaziba mdomo mmoja kwa gunia la udongo na kufungua mwingine. Kitalu kimoja kinachukua dakika saba, dakika nane. Katikati ya vitalu mimi ninakaa juu ya debe lililopinduliwa na kusahihisha insha kwa tochi ya kichwani. Wanafunzi wangu hawajui kwa nini madaftari yao ya Ijumaa yana alama za matope.

Si kwamba yote yalikwenda. Oktoba 2024 gredi ya sita walikuwa wanakaribia mtihani wa kitaifa, mtoto wa pili akashikwa na malaria, mume yuko Moyale lori limeharibika. Wiki tatu sikukanyaga shambani. Niliporudi sukuma wiki zilikuwa vijiti, nyanya zimetobolewa na yule kiwavi mdogo, Tuta, aliyewatia hasara wakulima wa nchi nzima tangu aingie Kenya miaka kumi hivi iliyopita, na machipukizi ya mathenge yamefika magotini. Nilikaa chini ya ule mti wa mama nikalia kidogo. Kisha nikatazama vizuri. Kunde zilikuwa hai, tena zimetambaa na kufunika udongo. Mipapai minne ilikuwa hai. Viazi vitamu vilikuwa hai na havikuonyesha kuwa vimenikumbuka.

Tangu hapo ninapanda kwa kujua kwamba kuna wiki nitakazokosekana. Robo tatu ya kipande ni kunde, viazi vitamu, mipapai, mihogo na mchicha unaojiotea. Robo moja tu, ile iliyo karibu na mfereji, ina mboga zinazodai kuonwa kila siku mbili: sukuma wiki, spinachi, dania. Nyanya nimeziacha. Watu wa kilimo cha biashara watasema ninapoteza faida, na kwa hesabu yao wako sahihi. Nyumba yangu ina hesabu nyingine, na ndani yake kuna mtoto mwenye homa na lori lililokwama.

Ramadhani ya 2025 ilituangukia mwezi Machi, joto la Isiolo likiwa kileleni. Nilidhani funga na jembe havitakaa pamoja. Tulihamisha kazi ikaenda jioni, nusu saa kabla ya magharibi, kuvuna tu na kumwagilia kwa ndoo. Mwezi mzima hatukununua mboga. Mapapai mawili ya kwanza yaliiva wiki ya tatu, moja tukampelekea Haji, lingine tukalikata wakati wa futari, mama mkwe akala kipande chake bila kusema kitu, akakusanya mbegu zote katika sahani na kuzianika dirishani. Mama mboga wa mtaa wetu, ambaye nimenunua kwake miaka yote, sasa Jumamosi ananunua kwangu mafungu ya kunde kumi au kumi na tano. Fedha yake si nyingi. Inalipa boda boda, mbegu na sabuni, na mara moja ililipia safari ya shule ya mtoto.

Kipande cha pili tulikifungua Agosti 2025, mwaka kamili baada ya cha kwanza, hatua ishirini na tano kwa kumi. Shemeji yangu wa kike, mshonaji sokoni, ameomba cha tatu awe anakuja na wanawe, nasi tumempimia. Vitano vilivyobaki vingali msitu, na kila nikivitazama siku hizi havinitishi. Njiwa wanakaa humo. Vitambaa vyekundu vimehamishwa, lango limepata mnyororo mpya, na ufunguo wake umerudi kwenye ile leso, kwa sababu mama hakutaka kusikia ukikaa kwingine.

Alhamisi moja mwezi uliopita mume wangu aliwahi kurudi kutoka Moyale. Alioga, akala, akaniona ninatafuta tochi. Akainyakua. "Kalale," akasema, "leo tunakwenda sisi wanaume." Nilibishana kidogo, kisha nikalala, mara ya kwanza Alhamisi kwa mwaka mzima. Sikusinzia. Nilihesabu vitalu kichwani. Saa saba kasoro nikasikia gambuti mbili zikivuliwa barazani, na sauti ya kijana, ambayo imeanza kukatika na kuwa nzito, ikimweleza baba yake kwa subira yote ya mwalimu: "Sio hivyo, baba. Kesho kutwa nitakuonyesha mchana. Gunia unaliweka kwanza, ndipo unafungua."

"Sawa," baba yake alijibu. "Kwanza gunia."